Swali la Siri la Dokta Wiebren

Hapa Amsterdam hajapata kutokea mtu anayejua kunong'ona kama Dokta Wiebren Hoekstra. Usinibishie! Mwenyewe alitutangazia, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya mfereji.

Kazi yetu chuoni ni mantiki ya ujuzi: nani anajua nini, nani anajua kwamba mwenzake hajui, na swali likiulizwa, nani anaondoka na nini kichwani. Tunayaandika hayo kwa alama, tunalipwa, na hatushtakiwi. Wiebren ndiye aliyekuwa jogoo wetu. Kanuni yake maarufu ilisema kwamba wawili wakiteta faraghani, wengine wote huamini hakuna kilichotokea.

"Na wakiwaona mnateta?" mwenzetu Joukje alimuuliza siku moja, mdomo umejaa mkate na jibini.

"Hawaoni."

"Kwa nini hawaoni?"

"Kwa sababu nimeandika hivyo, bibie. Mstari wa kwanza!"

Basi ikatangazwa nafasi moja ya uprofesa. Mchujo ukawabakiza hao hao wawili, Wiebren na Joukje. Waamuzi walikuwa watatu: mwenyekiti wetu Bi. Van der Zwaag, mzee mmoja kutoka Utrecht, na Bas, rafiki wa Wiebren tangu ujana. Matokeo, Ijumaa. Na marufuku kuwaendea waamuzi!

Unadhani Wiebren alingoja? Bingwa wa siri mzima mzima!

Jumanne, saa ya kahawa, akamburuta Bas hadi chumba cha mikutano. Chumba chenyewe kuta zote vioo, kama tangi la samaki. Idara nzima tuko nje, vikombe mkononi. Wiebren akaziba mdomo kwa kiganja, utadhani jasusi anauza nchi. Alichonong'ona tulikisikia vizuri tu, maana mlango hakuufunga.

"Sikuulizi nani kapata. Nauliza tu, Ijumaa nivae tai?"

Bas akawa mwekundu kama nyanya. "We Wiebren, una wazimu? Unajua hairuhusiwi!"

"Ndiyo au hapana?"

"Vaa unachotaka, bwana! Niache!"

Wiebren akatoka kifua mbele, akanivuta pembeni. "Umeona? Ningekuwa nimekosa, angesema hapana. Hakusema hapana. Kwa hiyo nimepata! Na hakuna anayejua kwamba ninajua."

"Mimi je?"

"Wewe nimekwambia."

"Na wale pale?" Nikamwonyesha wenzetu, macho yamewatoka.

"Wale? Wale wanakunywa kahawa."

Ijumaa akaja na tai ya zambarau, katika idara ambayo maprofesa huja kwa baiskeli na sweta lililotoboka kiwiko! Mkononi keki kubwa, maana huku mwenye furaha ndiye anayewalisha wenzake. Akampigapiga Joukje begani.

"Pole, dada. Usikate tamaa. Nafasi nyingine zitakuja."

"Asante," akajibu Joukje, akiitazama tai.

Bi. Van der Zwaag akasimama. Hakuzungusha maneno.

"Uprofesa amepata Joukje."

"Haiwezekani!" Wiebren akaruka. "Mimi nina habari za uhakika!"

"Tunajua. Bas alikuja mwenyewe kunieleza ulichomuuliza, ikanibidi nimtoe kwenye kura. Tukabaki wawili, kila mmoja na mtu wake. Kura zikilingana, yangu ndiyo inayoamua. Mzee wa Utrecht alikutaka wewe, mimi nilimtaka Joukje."

Tukamwona Wiebren anapiga hesabu kwa midomo, polepole, yeye aliyekuwa akituita sisi wazito. Kisha akamgeukia Bas. Safari hii hakunong'ona. Alifoka hadi vikombe vikalia.

"Bas! Usingetolewa, ungempa nani?"

Bas alimtazama kwa huruma. Akamsogelea, akaziba mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni neno moja tu.

Hatukulisikia. Wiebren aliketi pale pale sakafuni, tai na kila kitu, na idara nzima tukalijua.