Vita vya Mhadhiri na Sinia la Mchele

Sogeeni, enyi wenye meno kamili na enyi mnaotafunia upande mmoja, msikie habari za shujaa aliyekwisha kuinama juu ya sinia la mchele, miwani puani, kidole cha shahada kimenyooka kama mkuki, akisaka mawe. Huyu ndiye Mhadhiri, simba wa hesabu, mtekaji wa milinganyo, ambaye mpaka siku hiyo hakuna shahidi aliyewahi kumwona ameshika sufuria. Dada yake alimkabidhi vita hivyo kwa sababu moja: mezani pale pale, mwezi uliopita, mama mkwe wa dada aliuma jiwe, jino likavunjika. Kesho mchana anarudi kula, ana jino jipya la bandia, na dada hajalala vizuri wiki nzima.

Baada ya muda usiotosha kuchemsha chai, shujaa alinyoosha mgongo akalihutubia jiko kama jemadari mbele ya majeshi.

"Ewe dada, malkia wa majiko mawili, pokea ushindi. Karibu mchele wote ni safi."

"Karibu?"

"Usilidharau neno hilo. Katika vitabu vyetu vya Kiingereza lina hadhi. Tukisema karibu namba zote zina sifa fulani, twaweza kuacha kando elfu, hata milioni, kwa kuwa zilizobaki hazina mwisho. Tulizoziacha ni kama hazipo."

"Na mchele wangu hauna mwisho?"

Shujaa aliutazama. Ulikuwa na mwisho. Uliishia ukingoni mwa sinia. "Unao," akakiri, kwa sauti ya mtu anayetaja majeruhi. "Lakini hata kwa maana yenu ya kila siku, karibu wote si haba."

Dada hakubishana. Alichota mchele kiganjani, akamwekea mbele yake. "Tafuna, kaka. Kwa nguvu, kama anavyotafuna mama mkwe."

Mashujaa wa zama za kale walikabili moto na mafuriko. Huyu alikabili kiganja cha mchele mbichi, akapitisha ulimi polepole juu ya magego yake, ambayo nayo yalikuwa na mwisho.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Basi mama mkwe wangu ndiye hajashiba."

Hapo Mhadhiri akatenda jambo ambalo vyuo vyote alivyosoma havikumfundisha: alikubali kurudia kazi. Akaumwaga ule mchele siniani tena, akavuta kiti mpaka dirishani, akaanza upya, punje kwa punje, huku jua likihama kutoka kwenye sinki hadi mlangoni. Na tazameni, katika upande ule ule aliokwisha kuutangaza huru, adui alikuwa amelala: jiwe jeupe, jembamba, limevaa sare ya mchele. Shujaa akalibana kwa kucha mbili, akaliinua juu ili mataifa yote yaone, yaani dada.

Dada akalitazama kwa muda. "Hilo lingenirudisha nyumbani kwa mama," akasema taratibu, akamsogezea kikombe cha chai.

Na iandikwe kwamba siku hiyo sinia moja lilikombolewa. Chini ya meza beseni zima la mchele lilikuwa bado linangoja asubuhi.

"Kwa hiyo tumemaliza?" dada akauliza.

Mhadhiri aliinua kidole ahutubie, akakishusha.

"Bado," akasema, neno ambalo, hata vitabuni mwake, lina maana moja tu.