Santuri Iliyoliwa na Mende

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Aibu tupu! Kundi la WhatsApp la mtaa, "Vioja na Hazina", nimelianzisha mimi. Jina nimelitunga mimi. Leo asubuhi nimetuma picha ya saa ya kizamani inayomwamsha mtu kwa kummwagia maji. Kitu adimu! Nimekipekua mitandaoni mpaka macho yakawasha. Umerudi moyo mmoja tu, wa mke wangu, naye anasema kidole kiliteleza.

Kisha jirani yangu, Daktari wa Meno, akatuma mwavuli wenye redio kwenye mpini. Mtaa mzima hoi kwa kicheko. Mtu anashinda vinywani mwa watu mchana kutwa, jioni anakuja kuning'oa mimi!

Mke wangu kaniamuru nisafishe stoo. Nimekuta sanduku lililobaki kwetu mama mkwe alipohama nyumba. Ndani: mapazia, pasi ya mkaa na santuri moja. Karatasi ya katikati imeliwa na mende. Jina la mwimbaji limo matumboni mwao. Mke wangu kasema nisiguse kitu kabla ya kumwuliza mama. Nimwulize nini? Mama mkwe ni mtu wa mapazia.

Jumanne, 4 Machi

Fundi redio wa ng'ambo ya barabara kaniazima gramafoni, kwa sharti nimtengenezee fremu ya picha ya harusi ya wazazi wake. Haya. Ndiyo kazi yangu, fremu. Nakata vioo, napaka gundi, na kipaji changu kinaozea humo.

Nikaweka sindano. Mikwaruzo. Gitaa moja. Halafu sauti ya msichana, nyembamba, kavu, yenye utundu. Anamwimba mchumba aliyekuja kuposa akapitiwa na usingizi kwenye kochi, wazee wakabaki wanatazamana. Nywele zilinisimama. Hata kioo nilichokuwa nakata nimekikata upogo.

Nikairekodi kwa simu, nikaituma. Kimya. Daktari wa Meno akauliza kama simu yangu imeingia mchanga.

Baada ya chakula cha mchana nikang'amua. Watu hawasikilizi wimbo, wanasikiliza kisa! Nikatuma tena, safari hii na maelezo. Kwamba mwimbaji ni Binti Huzuni. Kwamba aliimba wimbo huu mmoja tu maishani. Kwamba juma lile lile alifariki kwa majonzi ya mapenzi, gitaa kifuani.

Mafuriko ya machozi! Mwalimu wa kwaya kaandika kwamba ameshindwa kula.

Jumatano, 5 Machi

Wimbo umevuka kwenda makundi mengine. Wateja wanakuja dukani bila picha, wanataka kumjua marehemu. Nimewaongezea kidogo: kwamba alikuwa yatima. Mama mmoja kaniuliza: ikiwa alikuwa yatima, mchumba alikwenda kuposa kwa wazee gani? Nikamwambia wa kupanga. Akaridhika. Uongo ni kama gundi, wakati wake wa kurekebisha ni kabla haijakauka.

Daktari wa Meno kimya siku nzima. Kimya kitamu kuliko gitaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetangaza kumbukumbu ya Binti Huzuni, Jumamosi alasiri, dukani kwangu. Tutasikiliza santuri yenyewe, tutasimama kimya, nami nitatoa hotuba. Daktari wa Meno kasema hana nafasi. Baadaye kaulizia kama viti vinatosha, kwa sababu anavyo vya chumba cha wagonjwa. Nimemwambia alete. Ameelemewa!

Mke wangu kanikumbusha kwamba Jumamosi hiyo hiyo mama yake anakuja kututembelea, nami ndiye wa kumpokea kituoni. Nikaitikia ndiyo. Sikumbuki swali lilikuwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike? Niache? Naandika.

Duka lilifurika. Nimetengeneza fremu nyeusi kubwa na ndani sikuweka picha, kwa kuwa sina. Ukiwa huo wenyewe uliwaliza watu. Mwalimu wa kwaya alikuwa na vitambaa viwili vya kufutia machozi. Katikati ya hotuba mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe, begi mkononi, vumbi mpaka magotini. Kituoni! Nilimsahau kituoni!

Lakini alipoona nyuso za msiba, hakunilaumu. Alinipa pole kwa sauti ya chini, akakaa kiti cha nyuma kabisa na kumbembeleza mwalimu wa kwaya. Nikamshukuru Mungu. Nikaweka sindano.

Mikwaruzo. Gitaa. Ubeti wa kwanza, kwikwi kila upande. Ubeti wa pili, zikawa sauti mbili.

Nilidhani gramafoni imeharibika. Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Mama mkwe alikuwa anaimba. Macho yamefumbwa, begi limepakatwa kama gitaa. Sauti imezeeka, utundu ni ule ule. Mke wangu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Hajawahi kumsikia mama yake akiimba, hata kwenye harusi yetu.

Wimbo ukaisha. Mama mkwe akafumbua macho, akaitazama fremu nyeusi, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu," akasema, "nimekufa lini, na mbona sikuarifiwa?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema ni lugha ya kisanaa. Mwalimu wa kwaya akauliza, basi yeye amekosa kula kwa ajili ya nani? Fundi redio alicheka mpaka akashikilia meza ya kukatia vioo.

Mama mkwe hakuwa na habari nao tena. Aliomba apigiwe wimbo mara ya pili. Kisha akasimulia. Yule mchumba wa kwenye kochi ni marehemu baba mkwe. Alitoka zamu ya usiku kiwandani, akapitiliza kuja kuposa bila kulala, na pale pale kochini akakoroma. Wazee wa mama mkwe walikasirika. Yeye akapenda. Alisema mwanamume anayeweza kukoroma mbele ya wakwe hana cha kuficha. Akautunga wimbo kumtania, wakaurekodi, kisha ndoa, watoto, na nyumba za kupanga, na santuri ikapotea. Baba mkwe aliitafuta mpaka uzeeni. Mama alidhani hataisikia tena.

Hapo tukalia sote, kwa haki safari hii. Hata mimi.

Daktari wa Meno hakulia. Alikuwa anarekodi!

Jumapili, 9 Machi

Video imesambaa kila mahali. Juu yake: "Mwimbaji aliyesahaulika, amegunduliwa na Daktari wa Meno." Amegunduliwa! Kwa lipi? Kwa viti?

Mke wangu kanisimamia mpaka nimeandika masahihisho kwenye kundi: mwimbaji yu hai, si yatima, ni mama mkwe wangu, na anapenda apokelewe kituoni. Mioyo mingi kuliko yote niliyowahi kupata. Yote ya kumpongeza yeye.

Mwalimu wa kwaya amemsamehe mama kwa kutokufa, na amemwomba aje awaimbie. Mama amekubali. Tangu asubuhi anaimba jikoni, na mke wangu anamfuata nyuma akijifunza maneno. Nyumba imechangamka. Mama kaniambia kwamba nisingemwua, nani angemsikiliza? Mke wangu amesema hayo yalikuwa mafumbo, nisiyachukue kama ruhusa. Nimeapa mbele yao wote wawili: kuanzia leo ukweli mtupu, na kuuliza kwanza.

Jumatatu, 10 Machi

Ajabu ya maajabu! Leo asubuhi nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la bafu, nimeona kitu cha shaba kimechomoza ukutani, pale bomba linapoingia. Kizito, cha duara, kina meno pembeni kama taji dogo. Miaka yote napita hapo! Nimekizungusha kidogo kwa koleo, kikatoka bila ubishi.

Nimekipiga picha juu ya kipande cha pazia. Nimeandika kwamba ni kifuniko cha chupa ya manukato ya nahodha aliyezama na meli yake, akimwita mkewe. Nilitaka kuuliza kwanza, lakini nahodha mwenyewe amezama.

Mwalimu wa kwaya kauliza kama aliacha watoto. Nimejibu wawili, wachanga. Daktari wa Meno kimya!

Mke wangu anapiga kelele bafuni, anadai kuna maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Angoje kidogo. Wachanga hawa bado sijawapa majina.