Kuhusu Harusi ya Zohali na Ukumbi wa Visiga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo leo nimelazimika kuikaimu mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kutuma udhuru, Ndugu Katibu wa Kamati, ambaye yuko pale anaandika, andika taratibu usiruke, wazee wetu mliotoka Kisarawe tangu alfajiri, shikamooni, (Marahaba.) wazazi wa Visiga, na ninyi wa Mkuza mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau, vijana wa Soga mnaojiita Kambi ya Harusi, mama zetu mnaoitwa, na si mimi niliyewaita, Kambi ya Ziwa, wawakilishi wa dini zote, stekiholda wa anga, wa ardhini na wa katikati, mabibi na mabwana. Wapo viongozi ambao wakisimama hapa husema itifaki imezingatiwa, kisha wanaruka. Mimi Laurean siruki. Mimi nimeizingatia kwa mdomo wangu, na kama kuna niliyemsahau anyooshe mkono nimzingatie sasa hivi.

(Mikono kumi na saba inanyooshwa. Mheshimiwa anaendelea.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kama Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Usuluhishi wa Watazamaji, kamati ambayo niliiasisi, nikaipigia kura na kuishinda, ili kutekeleza tukio la kihistoria ambalo wajukuu zenu watalisoma, kama watakuwa wanasoma, yaani ufunguzi rasmi wa Ukumbi wa Kisasa wa Sinema na Maridhiano wa Visiga, ambao ni jawabu la kudumu, shirikishi na jumuishi kwa mtafaruku uliotupata baada ya kutoka kwa sehemu ya nane ya ile filamu ya anga za juu, Mlango wa Zohali.

(Makofi. Sauti kutoka upande wa Soga: “Nane moto!” Sauti kutoka upande wa Kisarawe: “Nane haramu!”)

Tulieni. Tulieni, nimesema. Ndiyo haya haya tuliyoyaundia kamati.

Kwa faida ya waliochelewa kuingia kwenye suala hili, naomba nilete usuli. Hapa Visiga, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuna banda la video la kijana wetu Bilali, mzaliwa wa Kisarawe, yule pale nyuma amevaa fulana ya kijani, usijifiche Bilali, tunakuona. Bilali kwa miaka tisa amekuwa akionyesha filamu za nje kwa utaratibu unaofahamika, yaani anapunguza sauti ya wazungu, anashika maiki, na kuwaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini na nani anamkimbiza nani. Ni kazi nzuri. Mimi binafsi nimewahi kupita pale, kikazi, mara arobaini na kitu, na nikaona mama zetu wamekaa mbele kwenye mikeka, vijana nyuma kwenye mabenchi, na Bilali pembeni ya luninga anatokwa jasho kwa niaba ya kila aliyepigwa.

(Vicheko.)

Sasa. Katika sehemu ya pili ya Mlango wa Zohali, Kapteni Dalo anampata rubani wake Mira akiwa hai ndani ya chombo kilichoharibika, na wanakumbatiana. Wanakumbatiana, ndugu zangu, kwa muda usio wa kawaida. Taarifa ya Kamati inaonyesha kwamba wakati huo Bi Swaumu wa Kisarawe, aliyehamia hapa Visiga, bibi yetu tunayemheshimu sana, alianza kukusanya khanga yake aondoke, na akina mama wengine kumi na wanne wakaanza kuvaa kandambili. Hapo ndipo Bilali, kwa hofu, akatangaza kwenye maiki kwamba hao wawili ni ndugu, wamenyonya ziwa moja, na ndiyo kwanza wanakutana baada ya miaka ishirini. Mama zetu wakakaa. Wengine wakalia. Bi Swaumu mwenyewe alimwombea dua yule Kapteni.

Filamu haikusema hivyo. Filamu haikusema jambo lolote la namna hiyo. Lakini Bilali alishasema, na neno la maiki ni gumu kulirudisha, kwa hiyo sehemu ya tatu akaendelea na dada yake, ya nne dada yake, ya tano wakalala chini ya blanketi moja kwa sababu ya baridi ya sayari, Bilali akasema huo ndio undugu wa kweli. Miaka mitano mizima eneo letu limeishi na ndugu hao wawili, watu wamewapa watoto majina yao, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wanaokwenda kazini Dar na kuziona kwenye kumbi za huko walikaa kimya kwa adabu.

Halafu ikaja sehemu ya nane. Na katika sehemu ya nane, ndugu wananchi, Kapteni Dalo anamuoa Mira.

(Kelele. Mheshimiwa anagonga maiki mara sita.)

Anamuoa, tena hadharani, kwenye mwezi wa Zohali, na mashahidi. Kwa mujibu wa maelezo ya mashuhuda, Bilali alishika maiki akanyamaza kwa dakika nzima. Filamu inaendelea, pete inavishwa, Bilali kimya. Ndipo Bi Swaumu akasimama na kusema maneno ambayo Kamati imeyanukuu kama yalivyo: “Bilali, sema kitu. Watoto wetu wanaoana.” Vijana nyuma wakaruka juu ya mabenchi wakishangilia, maana wao tangu zamani walikuwa na mashaka. Mama zetu wakajifunika khanga usoni, wakatoka. Tangu siku hiyo kuna watu hawasalimiani kisimani.

Serikali ya Kamati haikulala. Tulifanya utafiti wa kina wenye sampo wakilishi ya watu kumi na mmoja, tisa kati yao tuliwakuta kwenye foleni ya maji na hawakuwa na pa kukimbilia. Matokeo ni kwamba asilimia 48.6 wanasema sehemu ya nane ni bora kuliko zote, asilimia 47.9 wanasema imeiharibu hadithi nzima na aliyeitunga afuatwe huko huko aliko, na asilimia 31 wanasema yote mawili, mara nyingine katika sentensi moja. Ukijumlisha inazidi mia, jambo linaloonyesha kwamba mwitikio wa wananchi umevuka lengo.

(Makofi hafifu.)

Zipo pia fidibaki za kitaalamu. Kijana Lusajo, dereva wa bodaboda, aliiambia Kamati kwa uchungu kwamba roboti, ambaye yeye alimpenda tangu sehemu ya kwanza, safari hii kapewa sentensi mbili tu na moja ni kuaga. Wengine wanasema adui ametubu upesi mno, mtu kaangamiza sayari nne halafu anasema samahani anapewa kiti harusini. Wengine wanasema ni ndefu. Mimi nasema ni ndefu, nilisinzia, nikaamka wamefika mbali, lakini nilisinzia nikiwa makini.

Ndipo nikatoa uamuzi mgumu, na uongozi ni maamuzi magumu. Nilimsimamisha Bilali kushika maiki mpaka ukumbi wetu utakapofunguliwa, ambapo atafanya kazi chini ya Kitengo cha Tafsiri Iliyohakikiwa. Kosa lake ni moja, aliongeza kisichokuwepo. Najua uamuzi huu umeumiza. Huu ni mwezi wa nne banda linaonyesha filamu bila maelezo, watu wanatazama midomo inavyocheza, mama zetu wamebaki nyumbani, na Bilali anachoma mahindi stendi, na akina mama wananiambia hasemi na mteja zaidi ya chumvi au bila chumvi. Najua pia kwamba sehemu ya tisa inaingia Jumamosi hii, na tangu nishuke kwenye gari nimeulizwa na kila mtu, hata watoto, kama Bilali ataruhusiwa. Jibu langu ni lile lile la kisheria. Ukumbi ukifunguliwa, Bilali yuko huru. Bila ukumbi, hakuna Bilali.

(Bi Swaumu anauliza jirani yake: “Kasemaje?” Jirani anatikisa kichwa kwamba naye hajui.)

Sasa tuuzungumzie ukumbi wenyewe. Ukumbi huu, ambao ni matokeo ya maono yangu ya usiku mmoja na mastaplani ya miaka mitatu, una viti mia sita vinavyolala nyuma, kiyoyozi, maegesho, sehemu ya kuswalia, sehemu ya kusali, chumba cha kulilia kwa ambao mhusika wao amefariki, na mabawa mawili, moja la Kambi ya Harusi na moja la Kambi ya Ziwa, yaliyotenganishwa kwa kioo kinene ili pande zote ziweze kukasirikiana bila kusikiana. Utekelezaji umefikia asilimia themanini na nne, ukijumlisha na wazo.

(Sauti: “Uko wapi?”)

Swali zuri sana, lina sehemu yake. Nasema hivi, wapo wanaobeza. Wapo wanaosema huyu Laurean anatafuta jina. Jina ninalo, nililipata kwa ubatizo. Ninachotafuta ni mshikamano wa watazamaji, kwa sababu watu wakigombana juu ya mambo yaliyotokea Zohali, kesho watagombana juu ya yaliyotokea Mlandizi, na hapo Kamati yangu haina mamlaka. Tuitikie pamoja. Nikisema Tazama, mnasema Kwa Utaratibu. Tazama!

(“Kwa utaratibu.”)

Zohali!

(Hakuna kitikio kilichofundishwa. Baadhi wanasema “Kwa utaratibu”, mmoja anasema “Amina”.)

Vizuri sana. Kwa kuwa muda ni adui, naomba niingie kwenye shukrani kisha tukate utepe. Kwanza namshukuru Bwana Hashiru, mwenye shamba hili la mihogo tulilosimama, ambaye aliponiona asubuhi na mkasi aliniuliza ukumbi gani, nikamwambia huu huu, tukashindwa kuelewana ila kwa heshima kubwa, na ametuomba tusikanyage matuta maana wiki ijayo anavuna. Namshukuru mpwa wangu Stellamaris, darasa la sita, kwa mchoro wa ukumbi mnaouona umebandikwa nyuma yangu, ambao aliumaliza jana jioni kwa rangi za shule, na ambao ndio sehemu ya kwanza ya mradi kuonekana kwa macho. Nawashukuru wajenzi, ambao hatujawapata. Nawashukuru waliotoa kiwanja, watakapojitokeza. Namshukuru fundi aliyefunga utepe kwenye hiyo mihogo miwili, na naishukuru mihogo.

(Minong’ono. Bi Swaumu anasimama, anaomba kuelezwa mkutano umefikia wapi, kwa kuwa tangu mwanzo hajaelewa hata sentensi moja, na wenzake wote waliokaa naye vilevile.)

Bi mkubwa, shikamoo tena. Ni kweli, lugha ya kiutendaji ni nzito, si kila mmoja ana kifua chake. Bilali! Hebu njoo hapa mara moja. Kwa kibali maalumu, cha dharura, dakika mbili, waeleze mama zako nilichosema. Kwa kifupi, na usiongeze la kwako. Samahani, napigiwa simu, hii ni ya kiofisi.

(Mheshimiwa anamkabidhi Bilali maiki na kusogea pembeni na simu, akiwa ameziba sikio la pili kwa kidole. Bilali anaishika maiki kwa mikono miwili. Anakohoa.)

(Bilali: “Mama zangu, shikamooni. Anasema ukumbi haupo. Haujaanza kujengwa, kiwanja hakuna, na hapa tumesimama kwenye mihogo ya Hashiru.”)

(Bi Swaumu: “Hujaongeza?”)

(Bilali: “Sijaongeza, bibi. Lile la ziwa ndilo niliongeza. Niliona unakusanya khanga yako, nikaogopa ukitoka hutarudi tena bandani kwangu. Hawakunyonya ziwa moja. Hawana undugu wowote, walikuwa wanapendana tangu sehemu ya kwanza. Nimeishi na aibu hiyo miaka mitano, na ile siku ya harusi nilitamani ardhi inimeze. Naomba mnisamehe.”)

(Bi Swaumu anawageukia wenzake, wanateta. Kisha: “Basi waoane. Wamehangaika sana wale watoto.”)

(Vigelegele kutoka upande wa Kisarawe. Vijana wa Soga wanasimama na kupiga makofi. Lusajo anapiga honi ya pikipiki. Watu wa kambi mbili wanashikana mikono. Makofi yanaendelea kwa dakika nne. Mheshimiwa anakata simu na kurudi mbio, uso umemchanua, bila maiki.)

Ahsanteni! Ahsanteni sana! Sikutegemea, kwa kweli, hata mimi nimeguswa. Mnaona sasa? Wananchi wakielezwa vizuri, wanaelewa. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kupigiwa vigelegele namna hii, na naagiza Katibu aandike kwamba mradi umepokelewa kwa asilimia mia moja. Hakuna haja ya kusubiri. Kwa mamlaka niliyojipa, (Mheshimiwa anakata utepe, pamoja na jani la muhogo) natamka kwamba Ukumbi wa Visiga umefunguliwa rasmi kuanzia dakika hii!

(Bi Swaumu anauliza kama hiyo ina maana ukumbi umefunguliwa. Katibu anathibitisha kwamba imeandikwa. Bi Swaumu anamshika Bilali mkono kuelekea bandani.)

Sasa tuimalizie kaulimbiu yetu, kwa sauti moja. Tazama! Jamani, mbona mnaelekea barabarani? Tazama! Bilali, kijana wangu, rudisha kwanza hiyo...

(Maiki ilikwenda na Bilali. Maneno mengine ya Mheshimiwa hayakusikika.)