Darasa la Kwanza Katika Jaruba la Mama Naomi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda Lyulilo. Mama yake, ambaye ni mfinyanzi, kateleza akibeba udongo wa vyungu, kaumia mguu. Atarudi Jumamosi. Kaniachia kazi mbili. Mbili! Kwanza, niamie ndege wasile mpunga wa jaruba lake, maana sasa hivi punje zinajaa maziwa, na mpunga huo ndio chakula chetu cha mwaka. Pili, kila jioni nimsikilize Naomi, binti yetu wa darasa la kwanza, akisoma kitabu chake. Ijumaa wazazi tunaitwa shuleni kusikiliza watoto wakisoma mbele ya watu. Nimemwambia mke wangu aende kwa amani, nyumba iko mikononi mwa mwanaume.

Nimekwenda jarubani. Tope mpaka magotini! Unapiga debe huku, ndege wanatua kule. Unakimbilia kule, wanarudi huku. Kazi hii haina heshima hata kidogo. Mimi ni mtu wa kufikiri. Miguu nimepewa ili inipelekee kichwa mahali.

Jirani yangu Hezekia, ambaye jaruba lake limepakana na letu, kawahi kabla ya jua. Anapiga debe huku anaimba nyimbo za kwaya. Kwa furaha! Nani anafurahia kuamia ndege? Huyu mtu ana kasoro.

Jioni Naomi kaja na kitabu. Nimemwambia nimechoka, akamsomee kuku. Kaenda kweli. Nimemchungulia nyuma ya jiko: kamkalisha tetea mbele yake, anamsomea huku anafuatisha maneno kwa kidole. Kuku katulia. Basi, kazi ya pili imefanyika.

Jumanne, 6 Mei

Kikao cha wazazi wa darasa la kwanza. Nilikwenda kwa sababu kikao kina kivuli na viti.

Mwalimu Doreen, binti mdogo mwenye sauti ya kukatisha tamaa, katueleza watoto wanajifunza nini. Wamemaliza silabi, sasa wanaunganisha maneno na kusoma sentensi fupi. Kwenye kuhesabu wanajumlisha na kutoa, lakini kwa vitu wanavyoviona, siyo kwa kukariri. Akasema nyumbani tusaidie. Tumsikilize mtoto kila jioni, muda mfupi tu. Tusimfokee. Tusimfanyie kazi zake. Tuhesabu naye vijiko, ndizi, bata, chochote kilichopo.

Hezekia kanyoosha mkono. Kasema yeye na mwanawe Gwamaka huhesabu matunda ya kakao wanapoyapasua. Watu wakampigia makofi. Makofi! Kwa kupasua kakao!

Hapo hapo wazo likanijia. Zuri, kubwa, la kwangu mwenyewe. Nikasimama. Nikasema kakao ni kitu cha jana, elimu ya leo inataka mazingira hai. Nikasema nalitoa jaruba letu liwe shamba darasa. Watoto wote waje, wakae kwenye kingo, wahesabu ndege! Ndege wakija, kujumlisha. Wakiondoka, kutoa.

Kichwani mwangu nilikuwa naona kingine kabisa. Darasa zima la watoto wa miaka sita na saba, wamezunguka jaruba pande zote, wanapiga kelele kama wanavyopiga siku zote. Ndege gani atathubutu? Na mimi nimekaa pembeni na chai yangu.

Mwalimu Doreen alifurahi mpaka macho yakalowa. Mwalimu mkuu kasimama, kanishika mkono, kasema Bwana Ambilikile ni mdau wa elimu. Mdau! Nilimwangalia Hezekia. Na yeye alikuwa anapiga makofi, mnafiki mkubwa.

Jioni Naomi kaja na kitabu. Nimemweleza kwa upole kwamba baba anashughulikia elimu ya darasa zima, hawezi kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja.

Jumatano, 7 Mei

Leo sijaamia ndege. Jeshi la watoto linakuja kesho, kwa nini jemadari ajichoshe?

Mchana wasiwasi ukanishika. Itakuwaje kesho ndege wakiwa wachache? Somo litaharibika na jina la mdau litachafuka. Nikachukua chenga za mchele ghalani, nikazimwaga kwenye kingo kuzunguka jaruba. Hawakuchelewa. Walikuja ndege ambao sijawahi kuwaona hapa kwetu Bujonde. Nadhani wengine wametoka Malawi.

Hezekia kaja mbio, debe mkononi. Kaniuliza kwa adabu kama ni kweli nawalisha ndege katikati ya mashamba ya watu. Nikamjibu kwamba hizo ni zana za kufundishia. Kanitazama sana. Kasema, Baba Naomi, jamani.

Baadaye kidogo kaniambia jambo jingine. Kwamba jana kamkuta Naomi anamsomea kuku. Kwamba kama nina shughuli nyingi, jioni mtoto apite kwake, asome pamoja na Gwamaka, yeye ana nafasi. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Mtu mwenyewe kajitolea! Sasa nina ndege wa kufukuzwa bure na mtoto wa kusikilizwa bure. Nimelala mchana usingizi mzito.

Alhamisi, 8 Mei

Sina nguvu ya kuandika lakini nitaandika.

Walikuja. Wamepanga mstari, wameshikana mikono, wanaimba kwa sauti ya kutisha tembo. Ndege wote wakaruka. Moyo ukanijaa. Nikamimina chai.

Watoto wakakaa kwenye kingo. Mwalimu Doreen kaweka kidole mdomoni. Kimya! Kaeleza kwamba huwezi kuhesabu kitu kinachokimbia. Anayetaka kuhesabu ndege lazima atulie, asicheze, asipige kelele, ndege wakae wahesabike.

Na wakatulia! Watoto wale wale ambao kanisani hawatulii hata wakati wa kufumba macho! Darasa zima likawa kimya kama mawe. Mimi na chai yangu tukaganda.

Ndege wakarudi. Kwanza mmoja mmoja, kupima upepo. Kisha makundi. Watoto wakawahesabu kwa vidole, kwa kunong'ona. Kundi hili jumlisha kundi lile. Mpunga ukawa unapasuka, nausikia kabisa.

Nikakohoa. Mwalimu kanikata jicho. Nikapiga makofi, nikasema napongeza tu. Kaniambia mbele ya watoto kwamba mgeni anavuruga somo, nikae chini nifunge mikono. Nikafunga mikono! Mimi, mdau, nimekaa katikati ya Naomi na mtoto mmoja mwenye makamasi, nimefunga mikono, natazama ndege wakila chakula changu cha mwaka.

Kisha kutoa. Mwalimu kauliza, ndege wangapi wameondoka? Hakuna aliyeondoka. Akasubiri. Hakuna. Kaomba radhi, kasema leo mfano wa kutoa umegoma. Nikanyoosha mkono, nikasema naweza kusaidia ndege waondoke. Kakataa, kasema tuache mazingira yafundishe yenyewe.

Naomi kanyoosha mkono. Kasema ndege walio kwenye masuke ya mama ni wengi kuliko namba zote walizofundishwa. Darasa likampigia makofi ya kimya, ya viganja hewani, ili ndege wasishtuke.

Mwishoni watoto wakaruhusiwa kucheza. Nikasema asante Mungu, sasa kelele! Kelele zikaja kweli, lakini upande wa Hezekia. Alikuwa kawachemshia magimbi. Wakakimbilia kwake wote, wanapiga mayowe kwenye kingo zake, na ndege wachache waliokuwa kwake wakahamia kwangu.

Jioni Naomi kaenda kusoma kwa Hezekia. Hakuniuliza.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya wazazi. Nilivaa koti. Nilipewa kiti cha mbele, cha mdau.

Utaratibu: mtoto anakuja mbele pamoja na mtu anayemsikiliza nyumbani, mtu huyo anasimama naye, mtoto anasoma ukurasa ambao mwalimu kauchagua hapo hapo. Lilipoitwa jina la Naomi nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Naomi kanipita. Kaenda mpaka kiti cha nyuma, kamshika Hezekia mkono, kaja naye mbele.

Hezekia alitaka kukataa, nilimwona. Kamnong'oneza kitu huku ananionyesha mimi. Naomi katikisa kichwa. Kisha kasoma. Ukurasa mzima! Kidole chini ya maneno, sauti haitetemeki, penye nukta anapumzika. Kwenye neno moja kakwama, kamwangalia Hezekia, Hezekia hakumwambia jibu, akasubiri tu. Naomi akalipata mwenyewe. Akacheka.

Niliumia. Naandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilikuwa nimesimama peke yangu, kifungo kimefungwa, sijui niende wapi. Sikujua mwanangu anaweza kusoma vile. Sikujua pia kwamba akipata neno gumu huwa anacheka.

Bahati nzuri mwalimu mkuu kaniokoa. Kasema kwa kuwa mdau amesimama, atusemee neno. Nikazungumzia wajibu wa mzazi. Nilizungumza vizuri sana. Nilisema mzazi asiyemsikiliza mtoto wake ni adui wa taifa. Wazazi wengine waliinamisha vichwa, na walistahili.

Jumamosi, 10 Mei

Mke wangu karudi, chungu kipya kichwani. Hakuingia ndani. Alipitia jarubani kwanza.

Masuke ya Hezekia yameinama kwa uzito. Yetu yamesimama wima, mepesi, hayana kitu. Mke wangu kachuma suke moja, kalibonyeza kwa kidole. Kachuma jingine mbali kidogo. Kachuma la tatu. Nikamweleza kuhusu mazingira hai. Nikamweleza shamba darasa, kujumlisha, udau wangu. Alikuwa analia bila sauti huku anabonyeza masuke.

Kisha kauliza jambo moja tu, kama Naomi anasoma. Naomi mwenyewe kaja mbio na kitabu, kamsomea palepale kwenye ukingo. Mama yake kauliza nani kamsikiliza siku zote hizi. Nikaanza kueleza kwamba mpango wenyewe ulikuwa wa kwangu. Naomi kasema, Baba Gwamaka. Na siku mbili za kwanza kuku.

Mke wangu kabeba chungu chake kipya mpaka kwa Hezekia, kampa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimshukuru kwa lugha yetu, ndaga, ndaga fijo, mara nyingi kupita kiasi. Wamekubaliana huko huko, bila kuniita: kuanzia kesho kutwa naamia ndege wa Hezekia mpaka avune, ili naye atugawie mpunga wa kula. Hezekia kaniletea debe lake mwenyewe. Kasema kwa upole kwamba ukiimba, siku haiwi ndefu. Kunitukana huku!

Jumapili, 11 Mei

Kanisani watu wengi wamenisalimia kwa heshima. Hotuba ya Ijumaa imewagusa. Mwalimu mkuu kanivuta pembeni, kanieleza kwamba darasa la pili linaanza kujifunza kupima uzito, na walimu wanakosa vitu vya kupimia.

Nimesimama pale pale mlangoni mwa kanisa, watu wananipita. Uzito! Kakao yangu imeiva, haijachumwa, na kuibeba mpaka nyumbani kunavunja mgongo. Lakini mtoto wa darasa la pili akibeba matunda matatu anajua lipi zito, akibeba mara nyingi anajua zaidi. Ni elimu kwa vitendo. Safari hii hakuna ndege, hakuna kimya, hakuna kinachoweza kuharibika. Nimemwambia mwalimu mkuu awalete Jumatano. Kanishika mikono yote miwili.

Sasa ni jioni, napanga. Naomi kaja na kitabu, kasema mama kasema leo ni zamu ya baba. Nimemwambia siyo sasa, baba anafikiri. Kasimama kidogo, halafu kaenda kwa mama yake jikoni. Wanasoma kwa sauti. Naomi kakwama mahali, kisha kalipata neno, wanacheka wote wawili. Imebidi niwaombe wapunguze kelele, maana humu ndani kuna mtu anashughulikia elimu.