Dawa ya Kuwatuliza Askari

Kinywa hakwenda kutibiwa siku ile alipoketi kwenye benchi la kliniki ya meno. Alikuwa amekimbia mvua, basi. Jina hilo alipewa na watu aliowaliza, na kwa kweli lilimfaa, maana hakuwa na kazi wala ujuzi. Alikuwa na mdomo tu, na ndani yake meno manne ya mbele, meupe pe, yaliyokwisha kuuza viwanja ambavyo havijapata kuonekana na mtu.

Mlango wa tabibu ulikuwa wazi. Kitini alikuwa Mama Funguo, mwenye jengo la maduka sita mtaa wa pili, mama bahili mno.

"Mama, kwenye mashina ya meno yako kuna utando wa bakteria," tabibu, dada mmoja mpole, alimweleza. "Mwili unatuma askari wake kupigana nao, ndiyo maana fizi zinavimba na kutoka damu. Vita hivyo vikidumu, askari haohao wanaanza kubomoa fizi na mfupa unaoshika jino. Tukwangue huu ugaga, yaani utando ulioganda, halafu upige mswaki sawasawa."

"Kukwangua ni bei gani?"

Akatajiwa. Mama Funguo akabeba mkoba wake, akatoka.

Kinywa hakuelewa hata nusu ya somo lile, lakini neno askari alilidaka. Akamkimbilia hadi kibarazani.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimesikia bila kutaka. Huyo dada kasoma, sikatai. Ila kasema mwenyewe, wanaobomoa ni nani?"

"Marahaba. Ni askari."

"Sasa ukwanguliwe wewe kwa kosa la askari? Hao ni wa kutulizwa. Dawa ninayo mimi."

Mama Funguo alimtazama kwa muda mrefu. Kinywa akadhani anatazamwa meno.

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya bomba, rangi ya buluu, karafuu kidogo ya harufu, na shabu, ileile anayokusugulia kinyozi akikukata kidevuni. Shabu hubana nyama, damu ikakatika. Bakteria haiwahusu. Kwenye chupa Kinywa aliandika *Kituliza Askari*, na chini yake, *mswaki hauhitajiki*, kwa sababu mswaki ungewatonesha wateja na kuwatia mashaka.

Kwa Mama Funguo hakutaka fedha. Alitaka duka la kona, liwe lake bila kodi.

"Sawa," alisema Mama Funguo. "Tusukutue miezi minane, mimi na wewe. Tukipimwa wote wawili tukakutwa wazima, duka chukua. Lakini usukutue mbele yangu kila asubuhi, dawa asiyoigusa mwenyewe mimi siitaki. Na duka lile ni bovu, mwanangu. Anza kulitengeneza, si utakaa wewe?"

Kinywa akalitengeneza. Alitia vigae, akavuta maji, akaweka sinki na taa kubwa, vyote kwa fedha za wajinga wa mtaa mzima waliokuwa wakinunua chupa zake. Tusiwaonee huruma. Walikuwa wameambiwa wapige mswaki, wakaona ni usumbufu.

Aibu kubwa ni kwamba Kinywa naye akaanza kujiamini. Fizi zake zilizokuwa zikivuja damu kwa miaka zilikauka, naye akatupa mswaki. Mwezi wa saba jino moja likacheza alipong'ata mkate. Akajiambia linajipanga.

Siku ya kupimwa ikafika. Tabibu alipitisha kijiti cha chuma chenye alama kwenye fizi za Mama Funguo. Zilikuwa nzima, zimekaza. Alipofika kwa Kinywa, kijiti kikazama.

"Mfupa umeliwa," alisema. "Haya manne ya mbele sioni yanashikwa na nini."

"Lakini damu ilikata," Kinywa alisema.

"Mwanangu," alisema Mama Funguo, "mwaka juzi niliwafukuza walinzi wa jengo langu. Walikuwa na kelele, kutwa filimbi. Pakawa kimya, nikafurahi, na katika kimya hicho wezi wakabeba mabati yangu yote. Sasa unanifuata mimi, kati ya watu wote, unaniambia niwatulize askari?"

"Mbona ulisukutua?"

"Nilisukutua maji ya rangi, nimeyachanganya mwenyewe. Kesho yake tu nilirudi hapa kukwanguliwa. Huyu dada hakunitoza, maana alikuwa anatafuta chumba chenye sinki, vigae na taa kubwa."

Kinywa akageuka kumtazama tabibu. Tabibu alikuwa ameshaanza kufungasha vifaa vyake kwenye makasha.

Wiki mbili baadaye Kinywa alishindwa kutafuna hata wali. Kliniki nyingine hakuijua, akaingia duka la kona kwa aibu zake zote na kulala kwenye kiti, juu ya vigae alivyovichagua kwa mkono wake.

"Haya manne hayaponi," tabibu alimwambia. "Tutayang'oa, nikutengenezee ya bandia. Hakuna atakayejua."

Kinywa alinyanyuka kidogo. Alikuwa ameogopa kweli.

"Ya bandia? Nani mwingine ameshawekewa yakamfaa? Na nitajuaje kama hunitapeli?"

Tabibu alikuwa akinawa mikono kwenye sinki.

"Hutajua," alisema. "Fungua mdomo."