Mlima Wetu Umeingia Nyekundu

Redio ya Jaji ndiyo iliyoanza. Jaji ni Habibah, muuza chai na chapati kwenye baraza ya duka moja la vifaa vya ujenzi pale Mbale, karibu na yanapopakia magari ya Nakaloke. Jina hilo amepewa kwa sababu ugomvi wa barazani hauishi mpaka yeye agonge birika kwa kijiko. Asubuhi hiyo, kabla chapati ya pili haijageuzwa, msomaji wa habari akasema wataalamu wa serikali wanawatuliza wananchi: mlima Masaba ni volkano iliyokufa zamani sana, na uvumi unaosambazwa kwenye simu upuuzwe.

Uvumi wenyewe ulikuwa umekaa palepale kwenye benchi, umevaa koti la kaki, unakunywa chai. Ni Ojok, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, ambaye baraza nzima inamwita Afande Mitambo.

"Imekufa?" Afande akaweka kikombe chini. "Nani alishika mkono yake, akasikia mapigo imesimama? Cheti ya kifo iko wapi?"

"Afande, mlima haina mkono," akasema Jinja.

Jinja ndiye Surjit, mwenye duka. Alizaliwa Jinja, akasoma Jinja, na ingawa ana miaka kumi na tisa Mbale akiuza saruji na nondo, kila kitu kizuri duniani bado kiko Jinja. Akaongeza kwamba kwao kuna mto Nile, unapita pale tangu enzi na enzi, na haujawahi kumsumbua mtu kwa kutikisika.

"Hiyo mto inakimbia kwa sababu inajua hii mlima iko nyuma yake," Afande akamjibu.

Mafabi alicheka pamoja nao, ila kicheko kiliishia mdomoni. Huyu ndiye mwenye kisa. Anauza mchele kwa jumla duka la pili kutoka hapo, ana kilo mia na ishirini bila viatu, na baraza inamwita Tani. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mkewe, Annah, apande kwao, huko juu nyuma ya majabali ya Wanale. Kosa lilikuwa la Tani, na mwenyewe alilijua. Annah alifiwa na mjomba, Tani akaahidi kumsindikiza msibani, kisha akafuatana na Surjit kwenda kutazama mpira Jinja, simu akaizima. Annah akapanda peke yake na hakushuka.

Dawa ya jambo hilo kila Mmasaba anaijua: mume anapanda ukweni, anakaa mbele ya wazee, anasikiliza mpaka wachoke kusema, ndipo anaondoka na mke. Tani hakuwa na kifua cha kusikiliza. Lakini nyumba ilikuwa imempwaya. Alikuwa anakula chapati za Jaji asubuhi na jioni, na mtu wa kubishana naye kuhusu chumvi hakuwepo. Alimtaka mkewe arudi, na alimtaka sana, ila arudi bila yeye kupanda.

Basi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, mtambo wa Afande unasemaje leo.

Mtambo huo ulikuwa kwenye stoo ya Jinja, nyuma ya duka. Afande alikuwa mtu wa redio za mawasiliano huko gerezani, na alipostaafu mikono ikawa inamwasha. Akachukua spika ya redio kuukuu, akailaza chali kwenye sakafu ya saruji, akagundisha kufuli zito la mlango wa selo katikati yake, kisha akavuta waya mpaka kwenye kompyuta iliyokuwa imetupwa na shule fulani. Ardhi ikitikisika, kufuli linachelewa kufuata, spika inatoa umeme kidogo, na kwenye kioo, na kwenye simu ya Afande pia, mstari unaruka. Kila siku Afande anautuma mstari huo, pamoja na rangi ya siku, kwenye kundi la simu linaloitwa Masaba Leo, lenye watu mia nne na kumi na wawili. Kijani maana yake mlima umelala. Njano, unageuka. Nyekundu haijawahi kutoka.

"Leo ni njano," akasema Afande. "Jana saa tatu ilipiga mara mbili."

"Jana saa tatu lori yangu ilishusha mabati," akasema Jinja.

"Lori ina alama yake na mlima ina alama yake. Mimi nimelinda wafungwa miaka ishirini na saba. Mtu anayelala na mtu anayejifanya analala, najua tofauti."

Jaji akagonga birika, akatoa hukumu kwamba lori na mlima wote wana haki ya kusikilizwa. Hapo wakakumbushana makubaliano: kuanzia saa nne mpaka saa sita stoo inafungwa, mtu asiingie, gari lisishushe, ili mlima upate nafasi ya kusema peke yake. Jinja alikubali kwa sababu saa hizo wateja ni wachache, lakini wageni huwaambia ni mchango wake kwa sayansi.

"Na nyekundu?" Tani akauliza. "Mpaka itoke, mlima ifanye nini?"

"Mishtuko tatu kubwa ndani ya dakika moja, na stoo iko kimya."

"Huwezi kuweka tu nyekundu kidogo? Kwa usalama wa watu wa juu. Kule kwa wakwe zangu, kwa mfano."

Afande akasema katika miaka yote ile ya gereza hakuna mfungwa aliyetolewa selo bila karatasi, na mlima nao hautatoka bila karatasi. Tani akaitikia kwa adabu, akaagiza chapati nyingine, akaila yote. Saa nne na nusu akaaga kwamba tumbo linamsumbua, akazunguka nyuma.

Ufunguo wa stoo hutundikwa kwenye msumari ambao mtaa mzima unaujua. Tani aliingia, akafunga mlango, akasimama kando ya ile spika na kufuli lake. Alijisikia mpumbavu, hilo lisemwe. Halafu akamfikiria Annah anavyokunja kitenge kabla ya kukaa, akaruka. Mifuko ya saruji ikatoa vumbi. Akaruka tena. Mara ya tatu alijitupa kwa uzito wake wote, na debe la misumari likadondoka kutoka rafuni kumuunga mkono.

Aliporudi barazani, Afande alikuwa amesimama wima, ameishika simu kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Alikuwa ameogopa.

"Jaji, zima redio," akasema. "Imepiga tatu."

Dakika hiyohiyo akatuma: *Nyekundu. Mishtuko mikubwa mitatu. Watu wa juu wawe tayari kushuka. Nyekundu haiondolewi mpaka mashine itulie siku kumi na nne.*

Kundi likalipuka kabla mlima haujalipuka. Mchungaji mmoja akatangaza mfungo. Mtu wa Nakaloke akauliza kama uji wa moto ukifika sokoni utafika kabla au baada ya siku ya gulio. Mgombea mmoja akaahidi kwamba akichaguliwa atakaa na mlima wazungumze. Mkenya wa upande wa Kitale akasisitiza kwamba, kwa kuwa nyekundu imetangazwa Uganda, moto nao utokee Uganda. Jinja alikuwa tayari anauliza bei ya chumba Kimaka, kule kwao Jinja, karibu na chuo cha wanajeshi, maana pale hata mlima utaulizwa kitambulisho.

Jaji peke yake hakuangalia simu. Alikuwa anaangalia viatu vya Tani, ambavyo vilikuwa vyeupe kwa saruji mpaka kwenye vifundo.

Tani alisogea pembeni akampigia mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu. Akamweleza habari za nyekundu, akamwambia ashuke leo.

Annah akauliza: "Ni wewe unasema nishuke, ama ni mashine?"

Hapo ndipo mwanamume alipopewa mlango uliofunguliwa wazi, akapita kando yake na kujigonga ukutani. "Mimi sina neno," akasema. "Ni mashine."

"Kale, sawa," akajibu Annah, akakata simu.

Tani akarudi kwenye benchi anang'aa. Alimwomba Jaji ampikie chai ya watu wawili, ya maziwa, akaenda kunyoa ndevu, akarudi, akakaa akiangalia barabara. Saa kumi alasiri pikapu iliyopakia godoro, sufuria mbili, gunia la ndizi na kuku watano ikasimama mbele ya duka. Annah akateremka mbele. Tani akainuka kumlaki, mikono imefunguliwa, na ndipo akaona nyuma ya pikapu, juu ya godoro, mama mmoja amekaa, amejifunika kitenge mpaka kichwani.

Tani aligeuka akajificha nyuma ya rundo la mabati kwa kasi ambayo hakuna mtu aliyedhani anayo.

"Amepatwa nini?" Jinja akauliza.

Jaji ndiye aliyemfafanulia, akijizuia kucheka. Yule ni Mama Margret, mkwewe. Kwa Wamasaba, mume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata walevi hawalizungumzi. Nyumba ya Tani ina vyumba viwili na paa moja.

Annah akapanda barazani, akawasalimu wote, akamwamkia Afande kwa heshima. Halafu akayageukia mabati na kuongea kwa Kiswahili, si kwa Lumasaba, ili kila mtu asikie. Na huku kwetu Kiswahili ni lugha ya amri za askari; kikitoka kwa mke, kinakuwa na buti ndani yake.

"Mzee, leta ufunguo ya nyumba. Mama amechoka."

"Mama anakaa mpaka lini?" mabati yakauliza.

"Si mashine imesema siku kumi na nne? Mama ni mtu anaogopa."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Hiyo mashine haikusema."

Mkono ukatoka nyuma ya mabati na ufunguo. Kisha Tani akamwita Afande, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, amshushie mlima hadi njano, hata njano yenyewe iwe hafifu. Afande akasema haiwezekani. Alikuwa amewaambia watu mia nne siku kumi na nne, na siku zenyewe zingeanza kuhesabiwa kesho.

Kwenye pikapu kuku wakalalamika, Mama Margret akawanyamazisha. Tani alipotoka nyuma ya mabati alitoka kinyumenyume, uso kwenye ukuta, mgongo kwa barabara ili asimwone mkwe wala asionwe.

"Ni mimi," akauambia ukuta. "Mlima haikufanya kitu. Niliingia stoo nikaruka mara tatu."

Jinja alicheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Afande alikaa polepole kwenye benchi. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Tani, huko juu mvua ikinyesha sana, udongo inashuka inafunika watu na nyumba zao," akasema. "Siku hiyo mimi nikipiga kelele, watasema ni yule mnene anaruka tena. Hukucheza na spika yangu. Ulicheza na masikio ya watu."

Aibu ilimshika Tani kweli, na akasema samahani bila kuongeza kitu, jambo ambalo barazani halijawahi kutokea. Afande akachukua simu, akaandika kwenye kundi yote yaliyotokea, jina na kilo, akatuma.

"Mimi nilijua toka asubuhi," Annah akasema. "Tulikuwa shambani tunachuma kahawa. Sisi ndio tunakaa juu ya huo mlima, na hata kikapu haikutingishika. Nikampigia Jaji, akaniambia habari ya viatu."

"Sasa kwa nini ulikuja?" Tani akauliza, uso bado ukutani.

"Kwa sababu wiki tatu nangoja uniite. Nikakuuliza kama ni wewe, ukasema ni mashine. Basi nimekuja kwa mashine."

Tani akapangusa macho kwa kiganja. Akasema ni yeye. Akasema alikuwa yeye tangu siku ya kwanza, na kwamba kesho atapanda kukaa mbele ya wazee, waseme mpaka wachoke.

Annah alimtazama mgongo, na waliokaa karibu wanasema alikaribia kutabasamu. "Utapanda," akasema, "lakini si kesho. Afande, siku kumi na nne bila mshtuko, si ndiyo sheria?"

"Ndiyo, nyabo," akajibu Afande, kama anavyoitwa mama wa heshima.

"Hiyo ni sheria yangu pia. Mashine ikitulia siku kumi na nne, unapanda kwetu, Mama anarudi kwake, na wewe unaingia nyumbani. Kabla ya hapo, hapana."

Akashuka, akapanda pikapu, na pikapu ikaenda na kuku wake. Jaji akagonga birika: kesi imekwisha, kila mtu anywe chai yake aende. Jinja, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko moyo wake, akasema stoo ina nafasi kati ya saruji na nondo, na atatoa maboksi ya kulalia. Tani akamshukuru.

Afande alikuwa ameshavaa kofia kuelekea kwenye gari la Nakaloke. Alifika ngazini, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Tani, mashine siizimi," akasema. "Ukitaka kugeuka kwa usingizi, geuka polepole. Mshtuko moja tu, tunaanza kuhesabu upya."