Kila Fundi na Chumba Chake

Jumatatu, 3 Machi

Friji imempiga mke wangu shoti. Si mara ya kwanza, lakini ni mara ya kwanza akiwa amembeba mtoto. Mtoto hakupata kitu, alilia tu kwa sababu mama yake alipiga ukelele. Mke wangu hakulia. Alipanga nguo. Hilo ndilo lililonitisha.

Ameenda kwa dada yake. Ameacha agizo: harudi mpaka nyaya zote za nyumba hii zifumuliwe na ziwekwe mpya, na zitandazwe na fundi wa kweli, si mimi na selotepu yangu. Anasema mtoto ameanza kutambaa, na soketi zetu ziko chini, usawa wa pua yake. Nikamweleza kwamba nyumba hii aliijenga babu, imesimama mbele ya bahari tangu hatujazaliwa, na nyaya zake zimevikwa kitambaa, kitu ambacho siku hizi hukipati popote. Akajibu kwamba ndiyo, ndiyo maana.

Maskini mimi! Na kibaya zaidi, kwa dada yake kuna mume wa dada yake, yaani mwanyumba wangu. Bwana huyo ana nyumba mpya na sakiti breka mpya, ile swichi inayokata umeme yenyewe hitilafu ikitokea, na mgeni akifika hupelekwa kuitazama kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeita fundi. Nimempa jina la Fundi Miwani, maana huivua kila anapotaka kuona kitu. Kapanda darini, kashuka na kipande cha waya, kakiminya. Kitambaa kikabomoka mkononi mwake kama biskuti kavu. Akafungua soketi ya sebuleni: shaba ya ndani imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Akasema nyumba nzima ifumuliwe, na uwekwe waya wa kushuka ardhini, kwa sababu huo haupo kabisa, na ndiyo maana friji inauma watu. Kisha akataja bei. Nikakaa chini.

Nikiwa pale chini, akili ikafanya kazi. Fundi cherehani hukuonyesha mshono wake kabla hujampa kitambaa. Kwa nini fundi umeme asionyeshe? Nikamwomba afanye chumba kimoja kama mfano, bure, kwa nyaya zake mwenyewe. Nikipendezwa, nyumba yote ni yake, pamoja na nyumba zote kuukuu za mtaa huu, maana majirani hawafanyi kitu bila kuniuliza mimi. Jirani wa kulia hajanisalimia tangu mwaka juzi, lakini hilo la nini kulisema? Akavaa miwani, akanitazama, akakubali sebule.

Sebule, chumba cha kulala, jikoni. Na mafundi wamejaa tele mjini! Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Sebule imekwisha mapema. Safi kabisa! Fundi Miwani kaenda zake kusubiri uamuzi wangu.

Mchana kaja wa pili, Fundi Testa. Testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, kaichomeka nyuma ya sikio na haitoki hapo hata akiihitaji. Nikampa chumba cha kulala. Lakini kwanza alipita sebuleni, akasimama, akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyenifanyia kazi hii. Jambo hili sikulijua: hakuna fundi duniani anayeweza kupita mbele ya kazi ya mwenzake akanyamaza. Nikasema ni marehemu mjomba. Akasema Mungu amsamehe, lakini angekuwa hai angestahili kufungwa. Sijakaa sawa, tayari ameifungua swichi ya sebule, eti anairekebisha kidogo.

Jioni kaja wa tatu, Fundi Mdomo. Huyu huongea hata misumari ikiwa katikati ya meno. Kapewa jikoni. Naye kauliza nani alifanya sebule. Mjomba. Nani alifanya chumba cha kulala. Mjomba. Akasema basi huyo mjomba alifanya chumba kimoja akiwa mzima na kingine akiwa tayari amekufa. Akarekebisha vyote.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika haya jikoni, kwa sababu taa ya jikoni inawaka nikiwasha feni ya chumbani. Taa ya chumbani inawaka mtu akibonyeza kengele ya mlangoni. Yaani ili nikione kitanda, nahitaji mgeni. Swichi ya sebuleni haiwashi chochote. Kila nikiibonyeza jirani wa kulia anafoka, lakini sijui kama mambo hayo mawili yanahusiana.

Friji bado inauma.

Mke wangu kapiga simu. Nikajipiga kifua: vyumba vitatu, mafundi watatu, mambo mteremko! Akasema atakuja Jumamosi na mtoto, na akikuta ni kweli, atabaki. Akaongeza kwamba leo mtoto kashika kiti, kajiinua, kasimama. Nani alimwona? Mwanyumba! Mwanangu kasimama kwa mara ya kwanza mbele ya sakiti breka ya watu! Nimewakumbuka wote wawili, na nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Lazima Jumamosi kila swichi iwashe taa yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mkosi! Mpango ulikuwa mzuri: kila fundi arudi kwa saa yake, anyooshe chumba chake, aondoke kabla mwenzake hajafika. Fundi Testa kachelewa. Fundi Mdomo kawahi. Fundi Miwani alikuwa bado juu ya ngazi, miwani mfukoni.

Kila mmoja akawauliza wenzake wao ni nani. Kila mmoja akajibu kwamba yeye ndiye fundi wa nyumba hii. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikajaribu kusema kwamba hawa wengine ni watoto wa marehemu mjomba. Fundi Mdomo akataka kujua mjomba alikufa kwa ugonjwa gani, maana yeye anahisi alikufa kwa aibu ya kuwa na mpwa kama mimi.

Nikaingia bafuni, nikajifungia. Nikawasikia wakicheka! Kumbe mafundi wanaweza kupatana. Wamefumua kila kitu, kila mtu na nyaya zake, soketi zake, swichi zake, hata misumari. Fundi Mdomo kaondoka na balbu yangu pia. Nikamwita kwa dirisha la bafuni. Akasema hiyo anaichukua kama mfano.

Kuta zimebaki matundu matupu. Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nyaya za babu bado ziko darini. Nimeshusha mmoja, nimeuunga kwa selotepu, na friji inanguruma vizuri sana. Kipande kilichobaki kinaning'inia chini ukutani sebuleni. Nimekifunika kwa mto wa kochi. Mke wangu atakuta maji baridi, na hapo ndipo mazungumzo yataanzia.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Mwanyumba ndiye aliyewaleta. Alisimama mlangoni akazitazama kuta, na kwa heshima kubwa hakusema kitu. Afadhali angesema! Mke wangu akauliza matundu haya ni ya nini. Nikasema ni ya kupitisha hewa. Nilikuwa nimempokea mtoto. Nikamweka sakafuni ili nieleze vizuri kwa mikono miwili.

Mtoto akatambaa moja kwa moja hadi kwenye ule mto, akauvuta.

Mama yake alimfikia kabla hajaushika waya. Ilibaki shibiri, labda hata haikufika. Mwanyumba akakimbilia meni swichi akazima. Mtoto alicheka, alidhani ni mchezo. Mimi nikajikuta nimeshikilia ukuta. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, na sitaki kuandika zaidi.

Mke wangu hakunifokea. Alimbeba mwanawe, akafunga nyumba, akatia ufunguo kwenye mkoba wake. Akasema kazi hii sasa ni yake. Atamwita mama fundi aliyetandaza nyaya za ofisini kwao, na atamlipa kama watu wanavyolipwa. Mimi nitakaribishwa kwa dada yake kwa sharti moja tu: nisizungumze na fundi umeme yeyote mpaka aniruhusu. Nikakubali. Kwa moyo wangu wote!

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa mwanyumba, nalala kwenye kochi. Sakiti breka nimeshaonyeshwa, tena zaidi ya mara moja, juzi pamoja na mgeni mwingine.

Nyumba yetu inaendelea vizuri. Mama fundi anamaliza chumba baada ya chumba, na soketi zote kazipandisha juu. Alipouliza ni nani aliyefanya kazi ya mwanzo, mke wangu alimjibu kwamba bado yuko hai.

Jana mtoto aliachia kiti, akaja kwa miguu yake mwenyewe hadi kwangu. Kwangu! Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Mke wangu alitabasamu, na hakuwa ametabasamu tangu siku ya friji. Nikaapa kimoyomoyo kwamba ujanja na umeme basi, sitaki tena.

Leo mvua imenyesha na paa la mwanyumba linavuja. Wakati wa kula shemeji kaweka ndoo katikati ya meza, na mwanyumba kalalamika kwamba mafundi wa paa siku hizi wana bei za kuua mtu. Nilijizuia. Lakini paa lina pande nne, na sharti la mke wangu, nikilitazama vizuri, lilihusu mafundi umeme.

Nimetoka nje nikapiga simu nne. Wa kwanza anapanda kesho, kwa mabati yake mwenyewe. Mwanyumba nitamwambia baadaye, iwe zawadi. Niliporudi ndani mke wangu akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema ni furaha tu ya kuwa sote pamoja. Akaniegemea begani. Nilikaa hivyo bila kusogea, nikiwaza kosa langu la mara ya kwanza, na nimeligundua. Wale niliwapa saa tofauti. Hawa nimewapa siku tofauti.